Milima Haikutani

Msikilizaji, watu wakiagana kituo cha basi husema: milima haikutani, binadamu hukutana. Wakisema hivyo mawazo yao yote huwa kwenye nusu ya pili ya methali, kwamba tukijaliwa tutaonana tena. Ile nusu ya kwanza hupitwa upesi, kama mtu anayekohoa kabla ya kutamka neno lake. Leo naomba tuketi hapo hapo panapopitwa. Kwamba milima haikutani ni habari nzito kuliko inavyosikika, kwa sababu maajabu mengi ya wanyama na mimea ya milima yetu yamezaliwa na kutokukutana huko. Wapo wanaozipokea habari za namna hii kama karanga za kutafuna jioni: kinyonga mwenye pembe tatu, chura anayezaa, mmea unaojifunika usiku. Mimi nadai kwamba habari hizo zikipangwa pamoja ni ushahidi wa jambo moja. Utengano wa milima ndio uliotupa viumbe hao, na utengano huo huo ndio unaowafanya wasiwe na akiba popote. Kiumbe wa mlima mmoja akitoweka, hakuna mlima jirani wa kwenda kumwazima.

Tuanze na sura ya nchi yenyewe. Kutoka Taita nchini Kenya, kupitia Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hadi Udzungwa nchini Tanzania, kuna safu ya milima iliyojipinda, ndiyo maana ikaitwa Tao la Mashariki. Safu hiyo imekatika vipande vipande, na kati ya kipande na kipande kuna nyika. Msafiri wa basi anayepita Mombo huona mashamba ya mkonge na kulihisi joto la bondeni, ilhali huko juu Lushoto watu wamevaa masweta. Kwa msafiri huyo, tofauti ni kupanda gari jingine na kukata kona nyingi. Kwa kinyonga wa msitu wenye ukungu, nyika hiyo ni bahari: haina kivuli, haina umande, na hana chombo cha kuivukia. Kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu kinyonga mwenye pembe mbili puani, anayeonekana sehemu nyingi za safu hiyo, kuwa ni aina moja yenye matawi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 ulibainisha kwamba ni aina kadhaa: wa Taita ni wa Taita, wa Usambara Magharibi ni wa Usambara Magharibi, kila mmoja na umbo la pembe zake. Hata jina ambalo sayansi imewapa vinyonga wa ukoo huo, Kinyongia, limechukuliwa kutoka katika lugha yetu hii hii.

Hapo mtu anaweza kuuliza: mbona basi Kilimanjaro, wenye mita 5,895 na usio na mfano Afrika nzima, hauongozi kwa viumbe wasiopatikana kwingine? Swali hilo linatufaa, maana jibu lake linatufundisha kutodanganywa na kimo. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na kwa hesabu ya milima bado ni kijana. Vilele vya Usambara na Uluguru havifiki hata nusu ya kimo cha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, lakini miamba yake ni ya kale mno, na misitu yake inakadiriwa kuwa imesimama kwa miaka ipatayo milioni 30. Nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu yake ikarudi nyuma, hii ilibaki imelowa. Sababu ni Bahari ya Hindi. Kusi na kaskazi, pepo zile zile zilizosukuma majahazi kati ya pwani yetu, Uarabuni na Bara Hindi, zilibeba mvuke wa bahari zikaumwaga kwenye miteremko hii mwaka baada ya mwaka. Ushahidi mmoja wa ukale huo ulionekana jikoni. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa kambini Udzungwa waliona miguu ya ndege wasiyemjua ndani ya sufuria ya kitoweo. Alikuwa kwale wa msituni asiyekuwamo katika kitabu chochote cha ndege, na jamaa zake wa karibu wanaishi Asia. Ndege wa namna hiyo hakuja juzi. Ni masalio ya zama ambazo misitu ya mabara haya mawili haikuwa imetengana kama leo.

Baada ya kwale alikuja kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina hilo, na wageni waliosikia wakadhani huenda ni mnyama wa hadithi. Mwaka 2003 watafiti walimwona kwenye misitu ya eneo la Mlima Rungwe, na mwaka uliofuata wengine wakamwona Ndundulu, huko Udzungwa, mamia ya kilomita kutoka hapo. Habari zake zilitangazwa 2005, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa tumbili yeyote wa Afrika tangu 1923. Kwa umbo anafanana na kima, lakini vinasaba vyake vinasema nduguze wa karibu ni nyani. Katika misitu hiyo hiyo ya Udzungwa, kamera zilizotegwa mwaka 2005 zilimnasa sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko masange wote wanaojulikana, mwenye uzito wa gramu 700 hivi. Sange ana pua inayochezacheza kama mkonga, na kwa mara moja macho hayadanganyi sana: kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo kuliko na panya anayefanana naye. Wanyama wawili wa kiasi hicho, mmoja wa mitini na mmoja wa ardhini, walikaa bila kuandikwa hadi karne ya 21. Utengano haukuwaumba tu. Uliwaficha pia, isipokuwa kwa wale waliokuwa wakiishi nao.

Tukipanda juu zaidi, kwenye Kilimanjaro, Mlima Kenya, Elgon na Rwenzori, tunakuta nyika ya baridi iliyo juu ya mpaka wa miti. Mchana jua la ikweta linachoma ngozi, usiku maji yanaganda, na mzunguko huo hurudi kila siku badala ya kungoja msimu. Mmea wa lobelia umepata ufumbuzi wake: majani yake hupangika kama bakuli na kushika maji, na usiku yanajikunja juu ya kichipukizi. Maji ya juu yakiganda, barafu hiyo huwa kifuniko, na chini yake chipukizi halifikiwi na baridi kali. Jirani yake, senesio, ambaye jamaa zake kwingineko duniani ni magugu ya kufika gotini, hapa amekuwa mti mzima, na majani yake yaliyokufa hayadondoki bali hubaki yamelizunguka shina kama blanketi. Chozi mwenye mkia mrefu hutua kwenye maua ya lobelia kutafuta asali na wadudu. Pimbi hujikusanya miambani kuota jua, na ukimtazama usidhani ni sungura aliyekatwa masikio: yeye naye ni jamaa wa tembo na nguva, na ujauzito wake huchukua miezi saba au zaidi, muda mrefu ajabu kwa mnyama wa kimo hicho. Chini kidogo, kwenye misitu ya Mlima Kenya, kinyonga dume mwenye pembe tatu ana jike asiyetaga. Yai kwenye udongo wa baridi lingechelewa au lisingeanguliwa kabisa, kwa hiyo mama hubeba mimba yake na kuipeleka juani mwenyewe, kisha huzaa watoto waliokamilika. Na kama ilivyo kwa vinyonga wa Tao la Mashariki, Mlima Kenya una senesio zake, Elgon ina zake, Rwenzori ina zake.

Sasa tuwape nafasi wanaopinga. Wa kwanza atasema kwamba hii hadithi ya visiwa imetiwa chumvi, kwa kuwa wanyama hutembea na ndege huruka. Atatukumbusha chui aliyekutwa amekauka kwa baridi karibu na ukingo wa Kibo mwaka 1926, akaonekana na mchungaji Richard Reusch, na baadaye akaingia katika hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936. Atamtaja pia msafiri Wilfred Thesiger, ambaye mwaka 1962 aliripoti kuona mbwa mwitu watano kwenye barafu ya kilele hicho hicho. Nakubali yote mawili, na ni habari za kusisimua. Lakini angalia zinachotuambia. Chui yule alikuwa mgeni. Jamaa zake wamejaa nyikani, misituni, hata karibu na miji, na mlima haukumzaa wala haukumlea. Mwenyeji hasa wa Kilimanjaro ni kiumbe kama kirukanjia wake mdogo, mwenye pua ndefu, asiyepatikana mlima mwingine wowote. Jina lake ni la mruka njia, lakini njia ya kutoka mlimani hajairuka. Kuhusu ndege, mbawa si ruhusa ya kusafiri. Taita ina ndege wadogo wasiopatikana popote pengine duniani, nao wamebaki katika vipande vichache vya msitu vilivyozungukwa na mashamba, na chini ya mashamba kuna nyika ya Tsavo. Wanaweza kuruka, lakini wamezoea kivuli kizito kiasi kwamba uwanda wa jua huwazuia kama ukuta. Tumemfanya mgeni kuwa mashuhuri na kumsahau mwenye nyumba.

Mpinzani wa pili ni mtulivu zaidi. Anasema viumbe wamevumilia mabadiliko ya hali ya hewa tangu kale. Joto likizidi bondeni watapanda juu, na wasipoweza tutawahamisha. Ni kweli kwamba wanapanda. Utafiti wa ndege wa Usambara uliotolewa 2021, uliolinganisha kumbukumbu za miongo kadhaa, ulionyesha kwamba ndege wengi wa huko wamesogea juu. Tatizo ni umbo la mlima. Mlima ni kama lundo la mahindi uwanjani: chini limetanda, juu ni ncha. Kila hatua ya kupanda ni hatua ya kuingia penye nafasi finyu zaidi, na juu ya kilele hakuna kilele kingine. Ama kuhamisha, kuna la kujifunza kwa yule kinyonga wa pembe tatu. Alifikishwa visiwa vya Hawaii mwaka 1972 kwa biashara ya wanyama wa kufuga, akaponyoka, akastawi, na sasa konokono wa asili wa visiwa hivyo ni miongoni mwa chakula chake. Ukimwokoa mnyama kwa kumtupia katika kisiwa cha wenzake, huenda umemhamishia tu msiba mtu mwingine.

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye sauti kubwa, na anastahili kujibiwa kwa kirefu. Anauliza: chura ana faida gani? Nchini Tanzania swali hilo lina anwani, nayo ni Kihansi. Kwenye mteremko wa Udzungwa, Mto Kihansi huanguka kwa nguvu korongoni, na maporomoko yake yalitupa manyunyu usiku na mchana juu ya majani ya pembeni. Ndani ya manyunyu hayo, katika eneo la hekta mbili hivi, yaani lisilofika viwanja vitatu vya mpira, aliishi chura wa rangi ya dhahabu mwenye urefu wa sentimita mbili au tatu. Hatagi mayai majini. Jike huzaa vitoto vilivyokamilika, vidogo kama punje za mchele, na kabla ya kuzaliwa huonekana kupitia ngozi angavu ya tumbo lake. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika, na chura waliokadiriwa kuwa maelfu wakaanza kupungua. Mwaka huo huo chura 499 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, jijini New York. Korongoni kulitegwa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini mwaka 2003 ugonjwa wa ukungu wa ngozi uliwapukutisha waliosalia, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena.

Wengi walicheka: taifa zima lisumbuke kwa ajili ya chura! Wengine hawakucheka, walikasirika, wakisema mgonjwa wa hospitali anahitaji umeme kuliko manyunyu ya korongoni. Hoja hiyo ya pili ni ya haki, na sitaikwepa. Umeme ulihitajika, na mitambo ya Kihansi imeendelea kuuzalisha. Lakini haikuwa lazima mmoja afe ili mwingine aishi. Sehemu ndogo ya maji iliyoachwa ipite, pamoja na mfumo wa kunyunyizia, ndiyo iliyowezesha kuwarejesha chura takriban 2,000 korongoni mwaka 2012, huku mitambo ikizunguka. Gharama ya miaka yote ile ya katikati, ya ndege, maabara na wataalamu, ilitokana na kuchelewa kujua. Laiti korongo lingechunguzwa vizuri kabla ya jembe la kwanza, mradi ungechorwa na chura akiwamo kwenye ramani. Hapa ndipo hoja ya visiwa inapoacha kuwa mapambo. Mto wa tambarare ukiharibiwa mahali, samaki wake huenda wakabaki juu au chini ya hapo. Chura wa Kihansi hakuwa na juu wala chini. Kwa viumbe wa milimani, kuchunguza kwanza ndiyo njia nafuu. Kuchunguza baadaye ni kama kutafuta ufunguo nyumba ikiwa imekwisha kuungua.

Na kama tunaendelea kudai faida, ipo, ila haijitangazi mapema. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, akalituma kwa baba yake Ujerumani. Leo vizazi vya ua hilo vimekaa madirishani Ulaya na Marekani, na ni miongoni mwa maua ya chungu yanayouzwa sana duniani, wakati mzizi wake wa porini unashikilia vipande vya msitu Tanga na Taita. Nani angelikisia bei yake siku ile lilipokuwa jani kwenye jiwe? Kuna faida nyingine isiyohitaji kukisiwa. Mkazi wa Dar es Salaam akifungua bomba, maji anayokinga yana sehemu yake kubwa kutoka Mto Ruvu, na Ruvu hulishwa na misitu ya Uluguru. Hata Kilimanjaro, ambao barafu yake imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, maji yake mengi hayatoki kwenye barafu kama wengi wanavyodhani. Hutoka msituni, ambako miti, kuvu na ndevu za miti huinasa mvua na ukungu na kuuachia udongo kidogo kidogo. Msitu unaomfuga kinyonga ndio huo huo unaojaza ndoo.

Limebaki pingamizi moja, zito kuliko yote. Anayeishi ubavuni mwa mlima atasema: nyinyi wa mjini mnakunywa maji, watalii wanapiga picha, mimi tumbili ananivunia mahindi na naambiwa nisikate kuni. Mtu huyo ana haki, na uhifadhi usiomjibu haudumu. Isitoshe, kabla ya sheria za serikali yeye ndiye aliyekuwa mhifadhi. Wataita walikuwa na fighi, misitu mitakatifu isiyoguswa ovyo. Wachaga walipanda migomba na kahawa chini ya miti katika vihamba badala ya kuifyeka yote. Kwa hiyo swali halisi ni nani anayelipa na nani anayepokea. Jibu moja linaonekana Virunga na Bwindi, mahali pawili pekee duniani penye gorila wa milimani, kwenye mipaka ya Rwanda, Uganda na Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wale wa Virunga walibaki kama 250 tu. Leo, kwa kujumlisha sehemu zote mbili, wamepita 1,000. Walinzi wengi wamejitoa mhanga kwa hilo, madaktari wa wanyama wamefanya kazi kubwa, na Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake kwa wanavijiji wanaopakana nazo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na hapo mwenyeji amepona walau kidogo. Lakini gorila ni mkubwa na anavuta watalii. Kwa kirukanjia hakuna atakayelipa kiingilio. Kwa hiyo ni halali anayekunywa maji ya Ruvu na anayewasha taa ya Kihansi wachangie kumlipa mkulima wa Uluguru na Udzungwa, kwa kuwa huduma wanayopata wanaipata kila siku, wawe wamemwona kinyonga au hawajamwona.

Nikusanye basi nilichotawanya, msikilizaji. Kinyonga wa Taita, kwale wa sufuriani, kipunji wa Rungwe na senesio ya Elgon wote wametupa jibu moja: tuko hapa kwa sababu hatukuweza kwenda kwingine. Chui wa Kibo angeweza kushuka. Hawa hawawezi. Mlima upimwe kwa hao wasioweza kuondoka, na kila tingatinga linaloelekezwa mlimani litanguliwe na mtu mwenye tochi, daftari na mwenyeji wa kumwonyesha njia. Yule chura wa Kihansi hakurudi korongoni kwa miguu yake. Alikwenda Marekani kwa ndege na kurudi kwa ndege, kwa sababu watu wa Udzungwa, wa Dar es Salaam na wa New York waliwasiliana na kukubaliana kuhusu kiumbe anayetosha kukaa juu ya ukucha wa dole gumba. Milima haikutani. Kazi ya kukutana kwa niaba yake tumeachiwa sisi.